Printa haijafa: kwa nini apdeti ya kompyuta hugomesha vifaa vilivyokuwa vizima

Mama mwenye steshenari karibu na shule ya sekondari ya mtaani kwetu alinipigia simu saa mbili asubuhi. Vijana walikuwa wamejaa dukani kwake wakitaka kuchapishiwa fomu zao za maombi ya mkopo wa chuo. Nilipofika nilimkuta kwenye stuli, mikono mapajani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Printa imekufa."

"Imekufa lini?"

"Jana usiku nafunga duka inachapa vizuri. Asubuhi nawasha kompyuta, ikakaa nusu saa inaniambia nisiizime, nisiizime. Ilipofunguka, printa haipo tena."

Nikauchomoa waya unaoiunganisha na kompyuta, nikaacha wa umeme tu, kisha nikabonyeza kitufe cha mbele na kukishikilia kwa sekunde kadhaa. Printa ikanguruma kama ilivyozoea, ikavuta karatasi, ikatoa ukurasa wake wa majaribio: mistari myeusi iliyonyooka, namba ya mashine, na idadi ya kurasa ilizochapa tangu itoke kiwandani. Mama akauchukua ukurasa ungali na joto, akaugeuza huku na huku.

"Kumbe nzima," akasema.

Nzima kabisa. Kilichokatika ni maelewano kati yake na kompyuta. Nimeona watu wakiuza printa zao kwa bei ya kutupa, au wakikopa kununua mpya, kwa kuwa hakuna aliyewaonyesha tofauti ya mambo hayo mawili. Inaniuma, kwa hiyo nitalieleza jambo hili taratibu.

Tuanze na maneno. Mfumo endeshi ni programu mama ya kompyuta, ile inayoamka kwanza unapoiwasha na kuzisimamia nyingine zote. Kwenye maduka mengi ya kwetu ni Windows. Apdeti, au sasisho, ni marekebisho ya mfumo huo yanayotumwa na mtengenezaji wake kupitia intaneti. Draiva, ambayo vitabuni utaikuta ikiitwa kiendeshi, ni programu ndogo inayojua lugha ya kifaa kimoja: printa hii, skana ile, kadi ya sauti fulani. Windows yenyewe haijui namna ya kuiambia printa yako ivute karatasi. Draiva ndiyo inayojua.

Aliyewahi kutoa mzigo bandarini Dar es Salaam ataelewa haraka. Huendi dirishani mwenyewe. Unamtumia wakala wa forodha, kwa sababu yeye anajua fomu ipi inajazwa na inapelekwa wapi, na ana kitambulisho cha kupita getini. Sasa chukulia bandari ni mfumo endeshi, wewe mwenye mzigo ni kifaa, na wakala ni draiva. Bandari ikibadili utaratibu usiku mmoja, ikaweka fomu mpya na kufunga dirisha la zamani, wakala aliyekuja asubuhi na fomu za jana atarudishwa. Mzigo wako haujaoza, na bandari inafanya kazi. Aliyekwama ni wakala, lakini hasara unaipata wewe.

Geti nalo lina maana yake. Programu za kawaida, kama ile ya kuandikia barua, hufanya kazi nje ya geti. Zikianguka, zinaanguka peke yake kila moja. Draiva nyingi huingia ndani, kwenye kiini cha mfumo, mahali ambapo kosa moja linaisimamisha kompyuta nzima na kuleta ile skrini ya bluu. Dunia iliona ukubwa wa hatari hiyo tarehe 19 Julai 2024, pale kompyuta zipatazo milioni 8.5 za Windows zilipoanguka kwa mkupuo, viwanja vya ndege vikakwama na hospitali zikarudi kwenye kalamu na karatasi. Wengi mpaka leo wanaamini ilikuwa apdeti ya Windows. Haikuwa. Lilikuwa faili la kampuni ya ulinzi ya CrowdStrike, ambayo programu yake, kama draiva, ilikuwa na kitambulisho cha kuingia ndani ya geti.

Kwa upande wa Windows, Microsoft hutoa apdeti kuu za usalama Jumanne ya pili ya kila mwezi, na imefanya hivyo tangu mwaka 2003. Kwa saa za Afrika Mashariki hiyo ni saa mbili au saa tatu usiku. Mwenye duka ameshafunga, kompyuta inapakua usiku au inasubiri iwashwe, na Jumatano asubuhi mteja wa kwanza anakutana na matokeo. Ukiwa na shajara ya matatizo ya kompyuta zako, hebu angalia siku.

Sasa, si kila kifaa kinachogoma baada ya apdeti kimegoma kwa sababu moja. Watu huvichanganya vyote, na ndiyo maana dawa aliyopewa jirani haikusaidii wewe.

Sababu ya kwanza ni kosa tu. Waandishi wa mfumo wamebadilisha kitu na hawakuona kimegusa nini pembeni. Machi 2021 kompyuta nyingi zilianza kuanguka kwa skrini ya bluu pale tu mtu alipobonyeza kuchapa, hasa kwa printa za Kyocera, Ricoh na Zebra. Marekebisho yalianza kutoka ndani ya wiki moja. Mwishoni mwa Januari 2025 ikatoka apdeti iliyofanya baadhi ya printa za waya wa USB zichape zenyewe karatasi zenye maneno yasiyoeleweka, mstari wa juu ukisomeka POST /ipp/print HTTP/1.1. Mtu asiyejua angeapa printa imerogwa. Kumbe ni ujumbe ambao kompyuta ilikuwa inaipelekea printa kimyakimya, na printa badala ya kuutii ikauchapa kama barua. Hilo lilirekebishwa Machi. Tarehe 14 Oktoba 2025 ikatoka nyingine iliyofanya kibodi na mausi za USB zisikubali kwenye ile sehemu ya Windows ya kujitibu, yaani mahali unapokimbilia kompyuta ikigoma kuwaka. Mgonjwa amefika hospitali, mlango umefungwa. Marekebisho ya dharura yalitoka siku sita baadaye.

Makosa ya namna hii yana jambo moja jema: wengi wanalia kwa wakati mmoja, na mtengenezaji analazimika kurekebisha. Ukiwa na subira ya wiki moja au mbili mara nyingi unapona bila kugusa kitu. Ila mwenye duka hana wiki mbili, na sijawahi kuona apdeti ikimlipa mtu siku aliyopoteza.

Sababu ya pili ni mlango uliofungwa makusudi kwa ajili ya usalama, na hii ndiyo isiyoeleweka kuliko zote.

Katikati ya mwaka 2021 lilijulikana tundu kubwa kwenye sehemu ya Windows inayosimamia uchapishaji. Wataalamu waliliita PrintNightmare. Kupitia tundu hilo mhalifu angeweza kuleta draiva yake ya uongo na kuitawala kompyuta nzima. Microsoft ikaanza kuziba, mwezi baada ya mwezi, na kila kiraka kilibana kitu ambacho watu walikizoea. Septemba mwaka huo ofisi nyingi zilizokuwa na printa moja inayochangiwa na kompyuta kadhaa zikakutana na kosa lenye namba 0x0000011b. Kompyuta zilikuwa zimeanza kudaiana kitambulisho cha kiwango cha juu zaidi kabla ya kupokeana kazi, na palipokuwa na moja ambayo haijasasishwa, hazikuelewana.

Mafundi wa mtaani wakapata dawa upesi: kuingia kwenye mipangilio ya ndani ya Windows na kuuzima ule ukaguzi mpya. Printa ikarudi, mteja akashangilia, fundi akalipwa. Siwalaumu, maana mteja alikuwa amesimama pale. Ila mteja aambiwe kilichofanyika: kufuli limeondolewa mlangoni kwa sababu ufunguo mpya ulikuwa unasumbua.

Mfano wa wazi zaidi ni wa Oktoba 2025. Ndani ya kila Windows kulikuwa na draiva moja ya zamani ya modemu za faksi za Agere, faili linaloitwa ltmdm64.sys. Ilikuwepo hata kwenye kompyuta ambayo haijawahi kuona waya wa simu ya mezani. Ikagundulika ina tundu, na wahalifu walikuwa tayari wanalitumia. Microsoft haikuirekebisha. Iliing'oa. Ikasema wazi kwamba modemu zote zinazotegemea draiva hiyo hazitafanya kazi tena. Kwa lugha ya bandarini, wakala mmoja mzee alikuwa bado na kitambulisho cha getini, wezi wakawa wanakiazima, wakuu wakakifuta.

Kwetu faksi imebaki kumbukumbu, hivyo wachache walilia. Ila ukilitazama vizuri utaona uzito wake. Mamilioni ya watu wasio na modemu walikuwa hatarini kwa ajili ya wachache wenye nazo. Hapo mimi nakubaliana na uamuzi. Nisichokubaliana nacho ni mwenye modemu kulijua jambo hilo baada ya kifaa chake kunyamaza.

Sababu ya tatu ni kubadilishiwa draiva bila kuulizwa. Windows ikiona ina draiva inayodhani ni mpya zaidi, au ya jumla inayofaa vifaa vingi, inaweza kuiweka juu ya ile uliyowekewa na fundi. Dalili yake ni kifaa kufanya kazi nusu: printa inachapa lakini haiskani, kipaza sauti kinasikika kwa mbali, kioo kimekuwa kikubwa na hafifu. Wakala wako aliyejua mambo yako ameondolewa, ameletwa wa zamu anayejua fomu za kawaida tu.

Hapa kuna kisa cha mwaka 2014 ambacho kila anayenunua vifaa Kariakoo, au mtaa wa Luthuli kule Nairobi, angepaswa kukijua. Kampuni ya FTDI ya Uingereza hutengeneza kijidude kinachokaa ndani ya nyaya na vifaa vya kuunganisha mashine za aina nyingi na kompyuta kupitia USB. Kijidude hicho kimeigwa sana. FTDI ilitoa draiva mpya, ikasambazwa kupitia apdeti za Windows, na draiva hiyo ilipokutana na kijidude bandia iliandika ndani yake namba ya utambulisho kuwa sifuri. Kuanzia hapo kompyuta haikukitambua, hata ukikihamishia nyingine. Watu wakapiga kelele duniani kote, na draiva ikaondolewa Oktoba mwaka huo huo.

Nakitaja kwa sababu mbili. Moja, ndicho kisa kinachojulikana zaidi ambapo apdeti iligusa kifaa chenyewe, si mawasiliano peke yake. Na hata hapo kifaa hakikuungua, waliojua walikirudishia namba yake. Pili, aliyeadhibiwa alikuwa mnunuzi. Mtu amenunua waya dukani kwa hela yake halali, hana njia ya kufungua plastiki na kukagua kilichomo. Aliyeiga hakupoteza chochote.

Sababu ya nne ni kustaafishwa, na hapa ndipo hasira za watu zina haki zaidi.

Windows Vista ilipotoka kwa wananchi tarehe 30 Januari 2007, ilikuja na utaratibu mpya wa draiva. Draiva nyingi zilizofanya kazi kwenye Windows XP zilikataa. Skana nzima, kadi za sauti nzima, printa nzima, zote zikasubiri draiva mpya ambayo kwa vifaa vingi haikuja kamwe. Kwa nini haikuja? Kwa sababu draiva huandikwa na mtengenezaji wa kifaa, na kifaa hicho alishakiuza. Kulipa wahandisi waandike draiva ya printa iliyouzwa miaka sita iliyopita hakumwingizii hata senti. Anayefaidika ni wewe, na wewe ulishalipa. Sioni haja ya kudhani kuna njama chumbani, maana hesabu hiyo peke yake inatosha kuiua printa nzima.

Ndiyo maana nikiulizwa kama makampuni yanavunja vifaa makusudi ili tununue vipya, jibu langu ni hili: kuvunja, kwa kawaida hapana, kuacha vife bila kujali, mara nyingi ndiyo. Kwa mwenye duka matokeo yanafanana, lakini kujua tofauti kunasaidia, kwa kuwa kilichoachwa kinaweza kuokolewa na mtu mwingine.

Kuna mabadiliko mengine njiani yanayogusa steshenari. Septemba 2023 Microsoft ilitangaza kwamba itaacha hatua kwa hatua kusambaza draiva za printa za makampuni mengine kupitia apdeti zake, na kuanzia Julai 2027 zitakazopita njia hiyo ni marekebisho ya usalama tu. Badala yake Windows itatumia draiva yake moja ya jumla inayozungumza na printa zinazofuata lugha ya pamoja. Ni kama bandari kusema: mawakala basi, kila mtu aje dirisha moja. Kwa printa mpya ni nafuu kubwa. Lakini ipo printa kama HP LaserJet 1020, ambayo bado utaikuta mezani kwa watu wengi kwa ugumu wake na wino wake rahisi. Hiyo haina akili yake ya kutosha. Hutegemea kompyuta kuipangia kila nukta ya ukurasa, na kila inapowashwa hupokea upya programu yake ya ndani kutoka kwenye kompyuta. Bila draiva yake mwenyewe haiwezi kwenda dirisha la pamoja. Draiva hiyo haijapigwa marufuku, bado inaweza kuwekwa kwa mkono, ila mwenye nayo aitunze.

Na wale wanaoniuliza kuhusu Windows 10: haijazimwa. Tarehe 14 Oktoba 2025 uliisha muda wake wa kupewa marekebisho ya bure ya kawaida. Kompyuta inawaka, printa inachapa. Kinachokosekana ni viraka vya matundu yatakayogunduliwa, isipokuwa kwa waliojiandikisha kwenye nyongeza ya muda. Kompyuta nyingi haziwezi kupanda kwenda Windows 11 kwa sababu inadai kijidude cha usalama kiitwacho TPM 2.0 na prosesa za miaka ya karibuni. Kompyuta ya mwaka 2016 inayokwenda vizuri imekataliwa getini ikiwa na nguvu zake zote.

Baada ya kuumwa mara moja, wengi huamua kuzima apdeti moja kwa moja. Naielewa hasira hiyo, pamoja na bando lililoliwa, lakini siungi mkono. Tarehe 12 Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilifunga mafaili ya watu duniani na kudai fidia. Uingereza peke yake taasisi 80 kati ya 236 za huduma za afya za umma za England ziliathirika. Kiraka cha tundu kile kilikuwa kimetolewa tarehe 14 Machi, miezi miwili kabla. Kilichofaa ni kuchelewesha kwa kipimo. Windows inakuruhusu kusitisha apdeti kwa hadi wiki tano, nawe ukachagua Jumamosi jioni, duka limefungwa na kesho hakuna wateja, badala ya kuchaguliwa Jumatano asubuhi.

Kifaa kikishagoma, kwanza kipime peke yake, kama tulivyofanya na ukurasa wa majaribio, au kiunganishe na kompyuta nyingine ambayo haijasasishwa. Kikifanya kazi huko, acha kukilaumu. Kisha fungua Device Manager, ile orodha ya vifaa iliyomo ndani ya Windows, utazame kama kuna alama ya mshangao ya njano mbele ya jina lake. Ndani ya sifa za draiva kuna kitufe kimeandikwa Roll Back Driver. Kikiwa hakijafifia, kinairudisha draiva iliyokuwepo. Hicho kikishindikana, orodha ya apdeti zilizowekwa ina tarehe, na ile ya usiku wa jana inaweza kuondolewa kwa muda. Uliyepanda toleo zima la Windows una siku kumi za kurudi ulikotoka, baada ya hapo mafaili ya zamani hufutwa. Draiva chukua kwenye tovuti ya aliyetengeneza kifaa, na uzikwepe zile programu za bure zinazojitangaza kukutafutia draiva zote, kwani nyingine huja na wageni usiowaalika. Na kifaa kilichostaafishwa na Windows mara nyingi hupata makazi kwenye Linux, mfumo endeshi mwingine, ambako draiva za vifaa vya zamani hutunzwa na watu wengi badala ya kampuni moja. Nimeona skana ya zamani sana ikiamka huko kwa dakika tano.

Ya mama ilikuwa sababu ya tatu. Draiva yake ilibadilishwa na ya jumla ambayo haikuielewa kabisa printa ile. Kitufe cha kurudisha kilikuwa kimefifia, na CD iliyokuja na printa haikuwa na pa kuingia kwenye kompyuta yake. Tukaipata draiva kwenye tovuti ya mtengenezaji, tukaipakua kwa bando la simu yangu, tukaiweka. Saa nne kasoro, kijana wa kwanza akashika fomu yake, akaihesabu kurasa, akalipa.

Kabla sijaondoka mama aliniomba nimwekee draiva ile kwenye fleshi. Ipo mpaka leo nyuma ya printa, imebandikwa kwa selotepu, na juu yake ameandika kwa kalamu nyekundu: DRAIVA. USIFUTE.